Bibi Subilaga na Mkwaju wa Mita Kumi na Moja

Usiku wa jana niliota kwamba ni saa tisa alasiri na filimbi inabisha hodi mlangoni kwangu.

Ilikuwa filimbi ya kawaida ya mwamuzi, nyeusi, imening'inia kwenye shingo ya mtu mnene aliyevaa kaptula. Mtu huyo hakusema lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mbebaji tu.

"Wewe ndiye Gwamaka Mwandemele, mpima ardhi?" filimbi iliuliza.

"Ndiye mimi."

"Jana jioni ulisajili mchezaji."

Nilieleza kwamba sijawahi kusajili mchezaji yeyote. Mimi hupima viwanja vya watu, tena vya makazi. Filimbi ilivuta pumzi, ikasoma kwa sauti kali: "'Penati ni mita kumi na moja. Goli lina upana wa zaidi ya mita saba. Hata bibi yangu angefunga.' Maneno ya nani haya?"

Yalikuwa yangu. Niliyaandika kwenye ukurasa wa Wankuru Nyaisa, msichana wa miaka kumi na saba aliyepaisha penati ya mwisho, na timu ya taifa ya wasichana ikatoka mashindanoni. Chini ya picha yake alikuwa ameandika maneno mawili tu, "Naacha mpira," na maelfu ya watu walikuwa wameshampa maoni yao. Wengi walimtukana. Mimi sikumtukana. Mimi nilitoa vipimo.

"Sentensi mbili za kwanza tumezihakiki," filimbi ilisema. "Ya tatu haijathibitishwa. Mlete bibi."

"Ile ni namna ya kusema tu."

"Kwenye mpira hakuna namna ya kusema. Kuna goli na kuna si goli."

Hapo Bibi Subilaga akatoka jikoni. Ni mama wa baba yangu, ana miaka sabini na minane, na amekuja kwangu Mbeya kutoka Tukuyu kutibiwa goti. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, juu amevaa jezi namba tisa, na miguuni magambuti yake meusi ambayo hayavui hata ndani ya nyumba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nasikia umenisajili."

Bibi huniita mume tangu nilipozaliwa, na kwa utaratibu wetu mume wa namna hiyo hana haki ya kubisha. Hata hivyo nilijaribu.

"Bibi, goti lako..."

"Goti uliliuliza ulipokuwa unaandika?"

Nilifungua mlango wa uani ili tutoroke. Ua haukuwepo. Kulikuwa na korido ndefu ya saruji na foleni ya mabibi, kila mmoja na jezi namba tisa. Pembeni yao mbuzi alikuwa ananyoosha misuli, maana kuna mtu aliandika kwamba hata mbuzi angefunga. Nyuma ya mbuzi, mwanamume mmoja aligombana na filimbi nyingine.

"Bibi yangu alifariki mwaka juzi!"

"Tunajua," filimbi ile ilimjibu. "Yuko njiani."

Mwisho wa korido kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Wankuru. Viatu vyake vya mpira alikuwa amevipakata, kamba zimefungwa pamoja kama vya mtu anayekwenda kuvigawa.

"Shikamoo Bibi," alisema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyepaisha?"

"Ndiye mimi."

"Mpira uliupeleka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Sijui, Bibi. Haujashuka."

Bibi alitazama juu kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali bati linapovuja.

Filimbi ilitusomea utaratibu. Bibi atapiga. Baada ya hapo mpimaji, yaani mimi, nitatamka umbali. Ukiwa mita kumi na moja, basi mkwaju ni mwepesi na aliyekosa ni mzembe. Wankuru ataacha viatu hapo na hatacheza tena. Umbali ukiwa mwingine, ataondoka navyo.

"Utakuwa kumi na moja," nilisema. "Hiyo ni kanuni."

Wankuru alinitazama kwa mara ya kwanza. "Kaka, umewahi kuupima?"

"Hauhitaji kupimwa."

"Haya," alisema, akasogeza miguu ili nipite.

Sasa tuko uwanjani. Uwanja ni shamba la chai la Tukuyu, lililochumwa vizuri, na mistari ya chokaa inapita juu ya michai. Kipa ni friji lililovaa glavu. Majukwaa yamejaa, lakini sioni uso hata mmoja, kwa sababu kila mtu ameinamia simu.

Natoa tepu yangu ya kupimia. Naibana kwenye mstari wa goli, naivuta hadi kwenye nukta ya penati.

"Kumi na moja," tepu inasema.

"Umeona," namwambia Wankuru.

"Subiri," anasema.

Bibi anatenga mpira. Jukwaani mtu mmoja anaandika: "Huyu kikongwe katoka wapi?" Goli linarudi nyuma. Tepu inajifungua yenyewe mkononi mwangu.

"Kumi na nne."

"Haiwezekani," nasema.

"Mimi nina sentimita tu," tepu inajibu. "Maoni waulize wao."

Mwingine anaandika: "Akikosa asirudi Mbeya." Ishirini na mbili. Wa tatu anaandika jambo kuhusu umbo la Bibi ambalo sitalirudia hapa. Goli linatoka shambani, linavuka barabara ya lami bila kutazama pande zote, linaingia soko la ndizi. Friji linamuuliza mama mmoja bei ya mkungu. Tepu yangu ni ya mita hamsini. Inapofika hamsini inaomba radhi, inaendelea.

"Mume wangu," Bibi anaita, "goli linakwenda wapi?"

"Linarudi nyuma, Bibi."

"Lirudishe."

"Mimi napima tu."

"Ulisomeshwa miaka yote ile ili uangalie kitu kinakimbia na kutaja namba?"

"Ndiyo, Bibi."

Wankuru yuko kando yangu, viatu mkononi. "Kwangu mimi lilianza kusogea tukiwa bado kwenye basi," anasema. "Nilipofika kwenye nukta nilikuwa silioni tena. Nasikia tu watu wanasema liko karibu."

Bibi anarudi nyuma kidogo, anashika kanga kwa mkono mmoja, anakimbia kwa namna anayojua yeye, anapiga. Mpira unapaa. Gambuti la kulia nalo linachomoka na kuufuata. Vyote viwili vinapita juu ya goli, juu ya soko, juu ya Mlima Rungwe. Havishuki.

Uwanja mzima unaandika.

Kisha maandishi ya kanga ya Bibi yanafutika na mengine yanajitokeza mahali pake, kwa herufi kubwa. AMETUAIBISHA. Halafu: GOTI GANI, UZEMBE TU. Halafu, kwenye pindo la mbele, kwa herufi zilizonyooka kuliko zote: MITA KUMI NA MOJA. HATA MBUZI ANGEFUNGA.

Bibi anainua pindo karibu na macho, anasoma kwa kufuatisha kidole. Chini ya maneno kuna jina.

"Mume wangu," anasema, "hii ni ya kwako."

"Sijaandika kitu, Bibi."

Naingiza mkono mfukoni. Simu yangu ina joto la maandazi yaliyotoka sasa hivi kwenye mafuta, na inaandika.

"Usinisumbue," inasema. "Nina kazi."

"Nani amekutuma?"

"Nitumwe na nani? Mtu akikosa, sisi hutoa vipimo. Nimeshauzoea mkono wako."

"Huyu ni bibi yangu."

"Mimi nimeona jezi namba tisa tu," simu inasema, na kuendelea.

Mbali kidogo mbuzi anapiga wa kwake. Anakosa. Anaanza kula chai.

"Mpimaji," filimbi inaita. "Tamka umbali."

Kwa mara ya kwanza majukwaa yote yanainua nyuso. Ni nyuso za watu wa kawaida kabisa. Namtambua mwalimu wangu wa hesabu na mwenye duka la dawa la mtaani kwetu. "Kumi na moja!" wanaimba, kwa mpangilio mzuri. "Kumi na moja!"

Wankuru anaviweka viatu chini na kusogea mbali navyo, kama mtu aliyekwisha kusikia jibu. Bibi amesimama kwa mguu wenye gambuti, ule mwingine ameukunja kama korongo.

Naitazama tepu. Katika kazi yangu nimewahi kuzungukwa na ndugu wawili wenye mapanga waliotaka nisogeze bikoni ya mpaka wa kiwanja, na sikuisogeza. Sioni sababu ya kuanza leo.

"Soma," naiambia.

"Mia mbili na sita."

"Mia mbili na sita," natamka.

Wanazomea. Nasikia shati langu linakwaruza kifuani. Naangalia, limeandikwa MPIMAJI KAHONGWA.

"Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza si kweli," filimbi inasema.

"Si kweli."

"Na ya tatu?"

"Imejaribiwa. Hakufunga."

"Ni goti," Bibi anasema. "Semeni na hilo. Ni goti."

Wankuru anarudi, anaokota viatu. Hachekelei wala halii. Anakaa kwenye chokaa, anafungua lile fundo kwa meno, anavivaa, kisha anakwenda kusimama kwenye nukta ya penati na kutazama juu.

"Unangoja nini?" Bibi anamuuliza.

"Mpira, Bibi."

"Ukishuka, niangalizie na gambuti langu."

"Sawa, Bibi."

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Bibi Subilaga alikuwa barazani, ameketi kwenye kigoda, amevaa gambuti moja. La kushoto.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. La kulia umelipeleka wapi?"

Nilitafuta chini ya kitanda, jikoni na nyuma ya pipa la maji. Halikuwepo. Mbwa hatuna, na geti lilikuwa bado limefungwa kwa kufuli.

"Na hili goti," alisema akilisugua, "leo linauma kama nililimia usiku."

Sikumsimulia ndoto. Nilichukua simu, ilikuwa ya baridi, nikafungua ukurasa wa Wankuru Nyaisa ili nifute nilichoandika, kwa kuwa kipimo changu hakikuwa sahihi. Maoni yangu yalikuwa pale pale. Chini yake kulikuwa na jibu moja, la mwenye ukurasa, lililoandikwa dakika chache zilizopita:

"Mpe Bibi shikamoo yangu. Mpira umeshashuka. Gambuti bado."