Mbwa wa Maofisa

Profesa aliwapenda wanyonge kwa mapenzi makubwa mno, hata hakupata nafasi ya kumtazama mmoja wao usoni. Kila alipofungua kinywa lilitoka neno sauti: sauti zilizozimwa, sauti za pembezoni, sauti za waliosahauliwa. Wanawake waliofagia maktaba walimbandika jina la Profesa Sauti. Alipolisikia, alidhani wamemheshimu.

Alikuwa ameletwa kusimamia hifadhi ya kidijitali. Kazi yenyewe ilikuwa hii: makaratasi ya kale yaliyolundikana katika ghala la maktaba yapigwe picha kwa mashine, picha ziingizwe kwenye kompyuta, na walimwengu wazisome popote walipo. Kisha makaratasi hayo, kwa kuwa yalikuwa yanawanenepesha mchwa bure, yapelekwe kiwandani yakasagwe, yawe karatasi za chooni.

Habari hiyo ya chooni ndiyo iliyomtoa Mama Chaki nyumbani kwake.

Jina hilo alilipata darasani, miaka ile bendera ilipokuwa mpya na kila mtu mzima alihimizwa ajue kusoma. Alikuwa mjamzito, na mimba ile ilikuwa na uchu wa chaki. Mwalimu akigeuka, kipande kimekwenda. Darasa halikuwa na madaftari, basi mwalimu akaenda kubisha hodi katika ofisi waliyoihama wakoloni, akarudi na mafurushi ya nyaraka zao zilizopigwa chapa upande mmoja tu. Nyuma palikuwa peupe, na hapo nyuma ndipo akina mama walipojifunzia kuandika, kwanza herufi, kisha majina, kisha mambo yao. Dada yake Mama Chaki, aliyefariki bila kuacha hata picha moja, aliandika hapo ukurasa mmoja. Hakuandika mwingine. Darasa lilipofungwa, sanduku zima lilipelekwa maktaba likatunzwe.

Mimba ile ya chaki sasa ilikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyevaa glavu nyeupe na kuiendesha mashine ya Profesa katika chumba chenye kiyoyozi.

"Shikamoo, mama. Mbona hukupiga simu?"

"Marahaba. Simu ya nini? Nimekuja kumwona mama yako mkubwa kabla hajasagwa."

Binti akacheka, akamvutia kiti. "Sanduku la darasa lenu tumeshalimaliza, tena limetoka safi. Hebu tazama."

Kwenye skrini ukatokea waraka uliopigwa taipu kwa lugha ya mabwana, muhuri juu, sahihi chini. Binti akamtafsiria. Ulihusu mbwa wa maofisa: kila mbwa asajiliwe, afungwe mnyororo sokoni, na asafiripo apewe mchukuzi wa kumbebea nyama.

"Mbwa alikuwa na mchukuzi?" aliuliza Mama Chaki.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya, nimemwona mbwa. Geuza nyuma."

"Nyuma hatupigi, mama. Tumeagizwa hivyo: upande wenye chapa ndio waraka. Nyuma kuna mwandiko tu."

"Mwandiko tu."

"Tena umenitesa huo! Wino umepenya mpaka mbele, kila ukurasa una vivuli. Nimekaa hapa mgongo unauma, nafuta kimoja kimoja kwa kompyuta mpaka mbwa wakang'aa."

Mama Chaki aliitazama mikono ile yenye glavu. Alikuwa amewatapeli wauza mboga na kuwaomba wakwe ili mikono ile ishike kalamu.

"Aliyekubeba mgongoni darasani ili mimi niandike, unamjua?"

"Si mama mkubwa?"

"Basi huyo ndiye uliyekaa hapa unamfuta. Hongera. Mbwa wanang'aa."

Binti alivua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya mashine.

Profesa alimpokea Mama Chaki kwa mikono miwili. Ofisini mwake palikuwa na vinyago vingi kuliko viti.

"Bibi mpendwa! Sisi tuko hapa kwa ajili ya sauti yako."

"Sauti yangu ninayo. Nataka karatasi ya dada yangu. Mmeshawapiga picha mbwa wenu, nipeni mimi upande uliobaki."

"Ninakuelewa kabisa." Alitikisa kichwa kwa huzuni aliyoizoea. "Lakini tuelewane. Yale ni mazoezi ya mwandiko. Hifadhi inahitaji matini."

"Ameandika jinsi walivyopasuliwa migongo wakipasua kokoto za barabara."

"Inagusa sana. Ila kuhusu barabara ile tunayo makala tayari, ndefu, imesomwa ng'ambo."

"Ameiandika nani?"

"Mimi."

"Na wewe kokoto ulipasulia wapi?"

Profesa alicheka, kicheko cha mtu aliyetaniwa asijue ni kwa nini. Alieleza kwamba makaratasi yalikuwa mali ya maktaba, na utaratibu haukuruhusu mali ya maktaba kutoka isipokuwa kwenda kusagwa.

"Kwa hiyo ikishasagwa nitapewa? Au nikaifuate chooni?"

"Njoo kwenye uzinduzi," alisema Profesa, akimsindikiza mlangoni. "Utakaa mstari wa mbele. Uje na vazi lako la nyumbani, tafadhali. Wageni hupenda kuona jamii."

Mama Chaki alikwenda, lakini alivaa gauni lake la harusi za watu, akajipaka manukato mpaka jirani yake akapiga chafya. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile yalikusanyika mengi: aliyetoa fedha, aliyezipokea, aliyemshukuru aliyetoa, na mwandishi mmoja mashuhuri kwa vitabu alivyokusudia kuandika. Binti yake alikaa nyuma kwenye projekta. Hakuwa amevaa glavu.

Profesa akaomba waraka wa mbwa. Ukatokea kwenye skrini, mpana kama ukuta, lakini haukung'aa. Binti alikuwa amerudisha picha ya kwanza, ile isiyosafishwa, na katikati ya mistari ya taipu yalipita mawimbi ya kijivu, mwandiko uliogeuka nyuma mbele, herufi kubwa kubwa za mtu aliyebana kalamu kama mchi. Mama Chaki alizijua herufi zile kabla hajazisoma.

Profesa alisita kidogo tu, kwa maana mtu wa namna yake hakosi la kusema.

"Tazameni ukungu huu!" alisema, akinyoosha kidole. "Dola iliandika, na unyevu wa nchi hii ukajibu! Ardhi yenyewe ilikataa kutawaliwa! Hapa ndipo penye sauti ya asiyejua kuandika."

Ukumbi ukaguna kwa raha. Mama Chaki akasimama.

"Huo si unyevu," alisema. "Huyo ni dada yangu."

Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wote, na mwandishi wa vitabu vilivyokusudiwa akajifuta jicho.

"Mmesikia!" alipaza Profesa. "Ni ushairi mtupu!"

"Sijamaliza. Aliandika kwamba..."

Kipaza sauti kilikuwa kimekwishaondolewa, maana vinywaji vilikuwa vimefika. Mama Chaki alimwona Profesa akipapasa mifuko kutafuta karatasi asiipate. Akaigeuza ratiba ya sherehe, na nyuma, palipokuwa peupe, akaandika haraka maneno aliyoyasikia, asije akayasahau kabla ya makala yake ijayo.

Mama Chaki alimtazama mpaka alipomaliza kuandika. Hapo ndipo hasira ilipomtoka, kwa sababu hasira ni heshima, na mtu yule hakustahili hata hiyo.

"Mama," binti alimnong'oneza begani, "twende kabla lori halijaja."

Magunia yalikuwa yamepangwa mlango wa nyuma. Binti alilijua gunia lao; ndiye aliyelifunga. Walipolikokota, mlinzi akawazuia.

"Mmebeba nini, mama zangu?"

"Takataka," alisema binti. "Soma mwenyewe, wameandika juu."

Mlinzi akasoma. "Kweli, takataka. Bebeni, Mungu awape nguvu."

Nyumbani walilimwaga sakafuni. Kurasa za wenzao wakaziweka kando, kila moja irudi kwa mwenyewe au kwa watoto wake. Ukurasa wa dada ulikuwa umekunjika pembe moja. Binti aliusoma kwa sauti, naye mama alisogeza midomo pamoja naye, bila kutazama.

"Barabara hii nimeijenga mimi. Kokoto nimepasua mimi na wanawake wenzangu. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kando ya barabara na hakulia. Msimamizi alisema nipumzike mpaka jua lipinde. Siku hizi wakipita wanasema barabara ya mabwana. Mimi najua kuandika sasa, kwa hiyo naandika kwamba si ya mabwana."

Binti alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mama yake hakumbembeleza. Alimtuma akakoroge unga na maji ya moto, uji mzito wa kugandishia.

Baada ya majuma kadhaa gari la Profesa likasimama mlangoni. Aliyetoa fedha alikuwa amependa mno ule ukungu, akataka apigiwe upya picha ya waraka wa mbwa, kubwa zaidi ya ile ya kwenye kompyuta, aitundike ofisini mwake. Maktaba ilikuwa imetafuta kila mahali.

"Bibi mpendwa, nimeambiwa huenda uko kwako."

"Upo. Karibu ndani."

Aliingia, akageuza macho huku na huku. Juu ya meza hapakuwa na kitu. Ukutani, usawa wa macho, palibandikwa ukurasa wa mwandiko, umegandishwa kwa uji mpaka ukawa kitu kimoja na ukuta.

"Uko wapi?"

"Si huo?"

Profesa aliusogelea, macho yakapita juu ya herufi zile kubwa kubwa bila kutua hata kwenye neno moja. Akapapasa kingo kwa ukucha. Hazikubanduka.

"Lakini waraka wenyewe, bibi! Mbwa!"

"Wamo. Wanatazama ukuta." Mama Chaki akamfungulia mlango. "Na kwangu, Profesa, upande wa nyuma hatupigi picha."