Mwavuli wa Afisa wa Ustawi

Siku nne mfululizo Fundi alikuwa anamfundisha mama yake jambo moja tu: afisa akija, usijikaze. Ukishindwa, shindwa. Ukitaka kushikwa, shikwa. Mama akaitikia, "Haya, mwanangu, nimesikia," na Fundi akajua kabisa kwamba ameongea na ukuta.

Maana mama huyu alikuwa Sista. Miaka thelathini na moja alisimamia wodi ya wanawake katika hospitali kuu, na mtaa mzima unamwita hivyo mpaka leo. Mwaka juzi alipata kiharusi, kikamwachia mkono unaoning'inia na mguu unaoburuta, lakini ulimi na kiburi hakikuvigusa hata kidogo. Neno "siwezi" hakuwahi kulitamka tangu azaliwe, na mbele ya mgeni ndiyo usiseme.

Sasa safari hii mgeni ndiye mwenye kalamu. Serikali ilikuwa inalipa wahudumu wa kuwatunza wazee majumbani, ila fungu la mwaka huu lilipunguzwa na mtaa wao ukabakiwa na nafasi tatu. Afisa wa ustawi angepita na fomu yake. Mzee anayejiweza, jina linakatwa. Fundi alishona sare kwenye karakana ng'ambo ya barabara, na mchana kutwa roho ilikuwa juu. Mama alishaanguka bafuni mara mbili. Mara ya pili alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka Fundi aliporudi jioni, na alichosema ni, "Sakafu ina ubaridi mzuri." Mwenye karakana naye alishachoka na ruhusa za kila wiki. Bila mhudumu, Fundi aache kazi; na akiacha kazi, wale nini?

Afisa alibisha hodi saa nne. Mwanamume mwembamba, viatu vumbi tupu, faili kwapani na mwavuli mweusi mkononi. Mwavuli! Mvua ilikuwa haijadondosha hata tone miezi miwili. Fundi akajisemea, ofisi nzima ile, kweli wametuletea huyu?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Na Sista akasimama. Akasimama, jamani! Mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo alinyanyuliwa kitandani kama gunia. Tena amevaa gauni lake la kutokea na viatu vya ngozi. Viatu amevivaa saa ngapi? Fundi alikuwa jikoni kidogo tu.

"Mama, unaweza kutembea mpaka dirishani?"

Akatembea, mkono mmoja ukutani kana kwamba anapangusa vumbi.

"Unavaa mwenyewe?"

"Sasa nivalishwe, mimi mtoto?"

"Na kuoga?"

"Asubuhi na jioni."

Nyuma ya afisa, Fundi alikuwa anakonyeza, anakunja uso, anatikisa kichwa. Mama akamtazama wazi wazi. "We, shingo imefanyaje?"

Afisa akaandika. Kila alama ya vema aliyotia, Fundi aliihesabu. "Samahani, afisa," akajaribu, "leo mama anajikaza tu…"

"Huyu ana wasiwasi tangu utotoni," Sista akadakia. "Mpe mgeni chai, mwanangu."

Chai ikanywewa, faili likafungwa, afisa akaaga. Sista akasikiliza hatua zake mpaka zilipopotea, kisha nguvu zikamwisha. Fundi alimdaka kwapani, wakashuka wote wawili mpaka sakafuni. Mama alikuwa amelowa jasho chapachapa. Fundi akaanza kumvua viatu huku analia kwa hasira.

"Umefurahi sasa? Haya, umefaulu! Kesho ukianguka nani atakuokota?"

"Sikutaka mtoto wa watu anione hivi," mama akasema kwa sauti ndogo. "Zamani mimi ndiye niliyekuwa nashika watu." Akageuza uso machozi yasionekane.

"Hodi." Mlango haukuwa na komeo, afisa alishafika kizingitini. "Nimesahau mwavuli wangu."

Sista akapapasa kutafuta kiatu ili ainuke, lakini afisa alikuwa keshachuchumaa karibu naye. "Tulia, mama. Usisimame kwa ajili yangu." Akashika upande mmoja, Fundi mwingine, wakamketisha kitini. Ndipo afisa akatoa fomu nyingine, nyeupe, haijaandikwa kitu.

"Ile ya kwanza huwa siipeleki," akamwambia Fundi. "Mwaka wangu wa kwanza kazini niliipeleka. Babu mmoja alinibebea ndoo ya maji uani kunionyesha, nikamkata. Wiki iliyofuata akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo, kila nyumba nasahau mwavuli."

Fundi akautazama pale ulipoegemezwa. Mbavu mbili zimekatika, kitambaa kimetoboka. Usingemkinga hata kifaranga. Kicheko kikamtoka katikati ya kilio, akashindwa kukizuia.

"Nafasi ipo?" akauliza.

"Imebaki moja, na ni yake. Mhudumu atakuja Jumatatu."

Fundi akakaa chini tena, safari hii kwa raha. Mwili mzima ulimlegea, kama mtu aliyetua mzigo kichwani baada ya safari ndefu.

Jumatatu mhudumu akaja kweli, binti mpole mwenye mikono mipana. Fundi alikuwa na mkoba begani lakini miguu ilikataa kutoka mlangoni.

"Mama, unaweza kusimama mwenyewe?" binti akauliza.

Fundi akabana pumzi. Sista akamkagua yule binti juu mpaka chini: miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umenyooka. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akiwafundisha wauguzi wapya.

"Siwezi," akasema. "Nishike. Na wewe hapo mlangoni, unangoja nini? Nenda kazini."

Fundi akaenda. Alifika karakana kabla mashine hazijawashwa, kwa mara ya kwanza mwaka huo.