Koti la Baba Mkwe

Naapa mbele ya mke wangu, aliyekaa hapa anamenya viazi na kujifanya hasikilizi, kwamba haya ni kweli tupu. Akinikamata na uongo hata wa kujaza kijiko, vyombo vyote vya leo naosha mimi, pamoja na lile sufuria lililoungua.

Palikuwa na fundi picha, mtaa mzima ukimwita Macho Manne. Miwani alikuwa nayo, lakini jina lilitokana na tabia. Alikuwa mtu wa kunusa chai ya mkewe kabla ya kuinywa. Picha za rangi alizipiga kwa ajili ya tumbo, za nyeusi na nyeupe kwa ajili ya roho. Hizi alizichapa mwenyewe kwa printa ya wino, kwenye karatasi nene isiyong'aa, na weusi wake ulisifika. Aliwahi kutundika picha ya mlango ulio wazi usiku, mteja mmoja akajigonga paji la uso ukutani akitaka kupita. Hilo nalo ni kweli.

Basi, weusi ule ukapotea.

Mama mkwe wake alitaka picha kubwa ya marehemu mumewe, akiwa na koti lake jeusi la harusi. Macho Manne akachapa. Koti likatoka kama jivu la jana. Akachapa tena, jivu lile lile. Mama mkwe akaitazama picha, akamtazama na mchapaji.

"Marehemu hakuwa na koti la kijivu," akasema taratibu. "Huyu ni mume wa nani, mwanangu? Nitarudi kesho. Nikute wangu."

 Mshukiwa Macho Manne alikuwa naye moyoni zamani: shemeji yake, kaka wa mkewe, waliyekuwa wakigawana naye kile chumba cha kazi tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi shemeji kifungwe. Shemeji ndiye aliyejaza wino. Na kando ya mashine hakukosekani glasi yake ya maji. Mtu anashinda kitini, ana kiu gani hiyo?

Hata mtego alishamwekea. Siku chache nyuma alihisi karatasi zinapungua. Akatoa rundo lote kwenye boksi, akaligeuza kifudifudi, akatia nukta ndogo ya penseli kwenye kona ya mgongo wa kila karatasi. Picha ya magendo ikionekana mtaani, ataigeuza tu, nukta itasema. Akalirudisha rundo boksini mwake kama lilivyo, lingali kifudifudi, akapiga mluzi.

Sasa akamsogelea shemeji. "Vidole vyako mbona vyeusi?"

"Nilikuwa nasafisha kichwa cha printa. Nilidhani matundu yameziba."

"Nani kakutuma?"

"Koti la baba yangu limenituma."

Lilikuwa jibu zuri mno, na majibu mazuri Macho Manne aliyaogopa kuliko nyoka. Usiku akamwambia mkewe, "Kaka yako anatia maji kwenye wino. Kesho aondoke."

"Umemwona?"

"Nimeliona koti."

"Ukimfukuza kaka yangu kwa neno la wizi, mimi mama nitamtazama kwa uso gani?"

"Huo huo ulio nao."

Mkewe akageukia ukutani.

Kulipokucha, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na haukurudi hadi usiku. Kazi hakuna. Macho Manne akamwambia shemeji neno lake.  Shemeji akatia redio yake na glasi yake kwenye mfuko, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni kumsubiri mama yake aondoke naye.

Ndani, mkewe Macho Manne alikuwa akifagia kama anayempiga mtu. Ukataji wa kingo nyeupe za picha ulikuwa kazi yake, na vipande vyembamba vilijaa kikapuni. Ghafla ufagio ukatulia.

"Mume wangu, hizi nukta za nini?"

Macho Manne alikuwa na desturi ya kupandisha miwani kipajini akikagua picha, na siku zote hizo alikagua koti tu. Sasa akaishusha. Kila kipande chenye nukta konani kilikuwa na utepe wa jivu la picha ubavuni mwake, nukta na jivu upande mmoja. Akakigeuza kimoja. Nyuma peupe. Nukta aliyoitia mgongoni ilikuwa usoni.

Karatasi ile ni nyeupe pande zote mbili, lakini ni upande mmoja tu uliopakwa dawa ya kuushika wino ubaki juu. Mgongo huunywa kama kitambaa, weusi ukazama. Akachomoa karatasi boksini, akalowesha mdomo, akaigusisha. Upande wa juu haukunata. Akaigeuza, upande wenye dawa ukanata, ikabaki inaning'inia mdomoni.

"Sema kitu," mkewe akasema.

Akaibandua karatasi mdomoni. Tangu aweke mtego wake alikuwa akimchapa baba mkwe mgongoni.

Akageuza karatasi, akaitia kwenye mashine. Mashine ikanguruma, koti likatoka jeusi, jeusi la kina, hata ungedhani ukiingiza mkono mfukoni utatoka na leso ya marehemu. Akalibeba mpaka ngazini.

"Shemeji, hebu nishikie."

"Kwa mikono hii ya kutia maji?"

"Karatasi nilizigeuza mimi. Nikakupa wewe lawama." Akakohoa. "Maji yalikuwa ya kunywa."

"Sema tena. Dada hajasikia."

Mkewe alikuwa kasimama mlangoni, amesikia kila kitu. Macho Manne akasema tena, kwa sauti. Shemeji akamtazama baba yake ndani ya lile koti. Kisha akafungua mfuko, akatoa glasi, akamkabidhi fundi.

"Basi nijazie."

Mama mkwe alipofika aliwakuta wote watatu wamekaa ngazini, picha katikati yao. Akalipangusa koti vumbi lisilokuwepo.

Mke wangu ameweka kisu chini.

"Mashine ilinguruma," anasema.

"Ilinguruma, mama."

"Na umeme ulikatika alfajiri, ukarudi usiku."

Nimelitupia jicho beseni la vyombo.

"Walikuwa wanaivuta kwa kamba?"

Nimekunja mikono ya shati. Naanza na lile sufuria lililoungua, kabla hajamkumbuka yule mteja wa mlango.