Risasi Moja ya Liban

Fisi alisimama hatua thelathini tu kutoka kwa mbuzi wetu, asubuhi kweupe, watu wote kisimani wakitazama. Nikapiga, nikamkosa. Nikavuta tena, kimya. Nikavuta mpaka kidole kikauma, bunduki imenuna tu. Fisi akajiendea zake polepole, wala hakujisumbua kukimbia.

"Salah naye!" mtu akapaza sauti. "Maji hufuata mkondo, jamani!" Wakacheka, wengine wakashika mbavu.

Mimi si mtu wa kuvumilia mdomo wa watu, hilo Hulugho nzima wanalijua. Lakini hapo ningejibu nini? Bunduki hii ya polisi wa akiba ilikuwa ya kaka yangu Liban kabla yangu. Majambazi walimuua kisimani hapo hapo miaka miwili iliyopita, na alipookotwa alikuwa amepiga risasi moja tu, nyingine zote zimo kwenye magazini. Bunduki ikakaguliwa, ikakokiwa kwa mkono, ikaitika. Nzima. Basi wakasema Liban aliganda kwa woga, wakampa jina Risasi Moja. Hata mwanawe anaitwa hivyo madrasani. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini.

Nilifika nyumbani sikai sisimami. Baada ya adhuhuri nilitakiwa kusindikiza mifugo malishoni, kwa bunduki ipi? Nikazitoa risasi, nikazifuta moja moja. Nikabonyeza springi ya magazini. Nikakoki, klak, sawa kabisa. Nikazunguka nyumba, nikarudi, nikakoki tena. Sawa! Akh! Nilitaka kuitupa kwenye miiba.

Ndipo akaja Adeer Kerrow, tunayemwita ami kwa heshima, sajini mstaafu anayetusimamia sisi wa akiba. Ndiye aliyeikagua bunduki ya Liban, na ndiye wa kwanza kulitamka neno woga. Salamu yake niliijibu nusu.

"Umekuja kuichukua?"

"Nimekuja kuitazama. Hebu tulia, unanitia kizunguzungu." Akaketi na kuipakata. "Ulipovuta mara ya pili, ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limeruka?"

"Halikuruka. Nililitoa mwenyewe kwa mkono."

Akakoki mara mbili, akisikiliza. "Kwa mkono inakubali, ikipiga inakataa. Basi si magazini, wala si risasi. Moshi wa baruti ndio unaosukuma hiki chuma nyuma, kitupe ganda, kilete risasi nyingine. Huo moshi haufiki."

Akafungua bomba lililo juu ya mtutu, ambalo mimi sijawahi kuligusa. Kile chuma cha ndani kilikataa kutoka mpaka akakigonga kwa kipande cha mti. Kilitoka kimeganda weusi, kama sufuria iliyoungulia. Kerrow akakinusa, akakunja uso.

"Haya si mafuta ya bunduki. Ni samli. Nani anaipaka samli?"

"Mimi," akasema mama yangu, Khadijo, aliyekuwa mlangoni akisuka mkeka. Akasema kwa fahari. "Kila Ijumaa naipaka, kama ninavyopaka vibuyu vyangu vya maziwa. Na kile kitundu kinachotoa moshi nakitilia tone, huku nikisoma Ayatul Kursi. Kitu kinacholinda watu hakiachwi kikavu. Nimeanza tangu ilipokuwa kwa Liban."

Kerrow aliitua bunduki chini.

"Ganda lilikuwa ndani," akaninong'oneza. "Siku ya Liban. Nililitoa kwa mikono yangu hii, ndipo nikakoki, nikasema nzima. Yaa Rabbi! Salah, ndugu yako alikuwa anavuta."

Nilitaka kupiga kelele Hulugho nzima wasikie. Kaka yangu alikuwa anavuta, na mimi miaka miwili namwonea haya kaburini! Kisha nikamtazama mama, vidole vyake vingali kwenye ukindu, nikakumbuka samli ni ya mkono wake.

"Mnanong'ona nini nyinyi?" akauliza.

Kerrow akaniwahi. "Dada Khadijo, Liban hakuogopa. Alivuta na kuvuta, bunduki ikagoma. Kosa ni langu, sikuikagua vizuri. Leo nitasema mbele ya watu wote kisimani."

Mama aliuachia mkeka. "Alhamdulillahi," akasema, akarudia, akarudia, machozi yakimtiririka. "Nilijua! Mwanangu hakuwa mwoga, nilijua!" Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Na iligoma kwa nini?"

Nikaufuta ule weusi haraka haraka kwa pindo la kikoi changu. "Imezeeka, hooyo. Na vumbi la huku unalijua."

Uso wake ukabadilika.

"Basi mimi ndiye niliyemuua," akasema. "Wiki ile nilikuwa na homa, sikuipaka. Ningeipaka samli Ijumaa ile, mwanangu angekuwa hai."

Kerrow akanitazama, nami nikamtazama. Mama akainuka, akaingia ndani kuleta samli.