Futi Nne au Futi Sita

...basi chagua, Boaz, sema neno moja tu mwenye duka apumzike, Gurmit bado amesimama na utepe wake wa kupimia mkononi, nyuma yake matangi mawili ya kioo yamepangwa juu ya mbao, moja la futi nne lililokwenda juu, moja la futi sita lililolala chini, silikoni kwenye kona bado inanuka siki, na mimi nimekuja Thika kununua tangi, sikuja kuogopa, ni samaki tu jamani, oska wawili, ndugu wa mbali wa ngege wa ziwani kwetu ila hawa hawaliwi, hawa wanatazamwa, dume ameshakuwa mrefu kama kiatu changu na juzi amemng'oa jike magamba ubavuni, tangi nililonalo ni dogo na jike anataka kutaga, naona anavyosafisha jiwe kwa mdomo mchana kutwa, na oska wakianza habari za mayai mahali pa kubanana dume hugeuka jambazi, asubuhi unamkuta mwenzake anaelea... kwa hiyo futi sita, kila anayezalisha samaki wakubwa atakwambia hivyo, tangi refu la kwenda juu ni la kupendeza wageni, samaki hapandi ngazi, anataka nafasi chini, kona ya kujificha mwenziwe akikasirika, na kioo cha kuwatenganisha katikati, na vifaranga wakikua nitawauzia watu wa Membley wenye sebule kubwa, nimemwambia Dianah hivyo tangu Pasaka naye ananiangalia tu, vile mke anavyomwangalia mume aliyeanza kuongea na samaki... Gurmit anaeleza unene wa kioo, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasema hakipasuki hiki, naitikia kwa kichwa, lakini namsikiliza kwa sikio moja, jingine limebaki kwenye lile swali lake, aliuliza kikawaida tu, hata macho hakuyainua kutoka kwenye utepe:

— Hiyo ya six feet ukijaza maji na mawe inakaribia tani moja, boss. Unakaa floor ya ngapi?

Ya nne, nikamwambia, Ruiru, naye akasema slab ikiwa poa haina shida, niiweke tu karibu na ukuta, slab ikiwa poa... na ikiwa si poa je, nani aliyewahi kuipima, mimi najua nini kuhusu slab, zege la sakafu, mimi najua mlango, mlango wa chumba cha kulala uligoma kufunga mvua za Aprili zilipoanza, tukamwita Mbaluka, fundi wa mbao, akaja na randa, akauranda chini, akanywa chai, akasema mbao hunywa maji, na kabla mwezi haujaisha ukagoma tena, akauranda tena, na si kwetu tu, ploti nzima, ukipanda ngazi siku ya Jumamosi unasikia randa kila gorofa, tukawa tunacheka, tunamwambia Mbaluka mvua imekuandika kazi ya kudumu, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mimi ninayeshinda na mashine kiwandani, mimi ninayejua kitu kikianza kukwaruza ni kwamba kingine kimesogea... usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa tukiwa wadogo, lakini sisi hatuna ufa, Githae mwenye nyumba hupaka rangi kila mwaka, kuta zetu zinang'aa, sisi tuna milango tu... na dirisha, Mungu wangu, dirisha la jikoni, wiki hii Dianah alilisukuma kwa kiwiko likakataa, akasema umwite Mbaluka, nikasema sawa, nikasema sawa kabisa nikaendelea kula, na lile dirisha ni la chuma, chuma hakinywi maji, hakuna mvua inayovimbisha chuma, nilikuwa nakwenda kumwita mtu wa randa aje arande chuma, kumbe ukuta ndio unaoshuka... tulia, tulia, nyumba ikiwa mpya huketi kidogo, Githae mwenyewe alisema hivyo alipokuwa akiongeza zile gorofa mbili juu yetu, nikianza kelele watanicheka, watasema Mjaluo wa samaki amerukwa na akili, na tutahamia wapi, na tangi moja la futi sita litafanya nini, tani moja tu, tani moja si kitu... tani moja si kitu kwa sababu juu kuna zaidi, juu ya paa, yale matangi meusi ya plastiki, Githae aliyapandisha mgao wa maji ulipozidi, lita elfu kumi kila moja, yamejipanga ukingo mpaka ukingo, lita elfu kumi ni tani kumi, tani kumi moja, tani kumi lingine, tani kumi, nasi tulimpigia makofi, Dianah alimwombea baraka kwenye mkutano wa wapangaji, na leo ni siku ya maji, leo yanajaa, tangu asubuhi pampu inanguruma na mimi nimesimama hapa naogopa kioo... naogopa, ndiyo, natoa simu, Gurmit anauliza kama nimechagua, namwonyesha kidole kwamba angoje, simu inaita, pokea Dianah, inaita, pokea mama... amepokea, ananong'ona, nisipige kelele, mtoto wetu Aketch amesumbua, ndiyo kwanza amelala, namwuliza dirisha, anasema kwani ni nani amekuambia, kioo chake kimepasuka chenyewe sasa hivi, hakuna aliyekigusa, alitaka anieleze nikirudi jioni, na Gurmit amesogea karibu na utepe wake, ananiangalia mdomo.

— Mwamshe mtoto, namwambia. Toka naye nje, usichukue kitu. Na ukishuka, gonga kila mlango.