Rangi za Simu ya Mama Madeleine

Mama Madeleine alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na Emery, mwanawe, alimpangia simu mwenyewe: skrini nyeusi, herufi za njano kubwa kubwa. Akawapangia hivyo hivyo majirani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wenye macho kama yake. Mama hakutaka kusomewa. "Nitajisomea mi mwenyewe," alisema, na ubishi wake mnaujua.

Basi ofisi moja ya Mbarara ilipompa Emery kazi ya kutengeneza ukurasa wa kutangaza siku ya madaktari wa macho kuja Base Camp, hapo hapo kambini, kupasua bure, hakuupaka rangi hata moja. Aliuacha uvae rangi za simu ya kila msomaji. Mama angeona njano juu ya nyeusi. Alifurahi mpaka akajichekea peke yake.

Bosi wake, Byaruhanga, akaufungua kwa simu ya mkewe, akakuta herufi za waridi.

"Wewe mukimbizi, hii nini? Mimi nataka herufi nyeusi. Nyeusi kabisa! Kama hapana, rudi kambi, lima maharagwe."

Loo, na Emery naye! Kwa woga akazilazimisha herufi kuwa nyeusi, mbio mbio, na rangi ya nyuma akaisahau, ikabaki kufuata simu ya msomaji. Kwenye simu yake yenye skrini nyeupe ukurasa ulipendeza. Hakuujaribu kwingine, akawatumia mama na majirani kiungo, wafungue, siku ya madaktari wataiona humo. Fundi mzima, jamani!

Madaktari walikwenda Jumanne. Kesho yake Byaruhanga aliingia ofisini akicheka.

"Watu yenu hapana taka kupona. Walikuja wenye macho mazuri tu, wanaomba miwani. Daktari wamekasirika, wamesema hawarudi tena."

Emery hakuaga mtu, alipanda pikipiki moja kwa moja mpaka Nakivale. Alimkuta mama mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole, jichoni hana bandeji.

"Mama, banganga ba macho walikuja jana! Hukusoma?"

Mama alitoa simu kifuani, akaufungua ule ukurasa, akaisogeza simu mpaka puani. Skrini nzima ilikuwa nyeusi, herufi nyeusi zimezama humo humo.

"Kila asubui nafungua, papa. Hakuna kitu. Majirani nabo banasema hakuna kitu. Balitaka kwenda kuuliza kule Base Camp, nikabakataza. Nikabaambia tungojee, Emery hawezi kutusahau."