Mpishi wa Ukurasa wa Tatu

Ulimpita, usijifanye hukumwona. Yule mwanamume wa ukurasa wa tatu wa kitabu cha katuni, mwenye aproni nyeupe na sinia mkononi, aliyechorwa macho ya pembeni ili umshuku kabla hajafungua kinywa. Ulimtazama mpelelezi na koti lake refu, ukafunua ukurasa.

Aminah naye alimpita, miaka mingi. Katika chumba chake cha kupanga huko Namakwekwe, Mbale, alihifadhi vitabu ishirini na vitatu vya katuni za upelelezi, vilivyochapwa kabla hajazaliwa, karatasi zimegeuka manjano na bado zinanukia bizari. Baba yake, Bruhan, alivileta kimoja kimoja kutoka Jinja, alikokuwa mpishi wa Mzee Shashikant na mkewe Sushma. Watoto wa nyumba ile walipovichoka, yeye alivifunga kwenye gazeti. Aminah alizijua hatua zake tangu njiani; alitoka mbio, akampokea gazeti kabla ya salamu.

Sasa, fundi cherehani wa miaka arobaini, alivichota visa vile akavigeuza mchezo. Kila Jumapili mchana rafiki zake walijitwika wahusika, dadu zikaamua nani apate ushahidi, na Aminah akasimulia.

Katika mchezo wa Jumapili hiyo zilikuwa zimeibwa bangili za mama mwenye nyumba.

"Mpishi huyo," Brendah, aliyekuwa mpelelezi, alisema kabla hata ya kurusha dadu. "Tumfunge, tukanywe chai."

"We afande, hata hujaniuliza!" Faruk, mpishi wa siku hiyo, alilalama.

"Nikuulize nini? Kwenye vitabu vya Aminah mwizi ni mpishi, dereva, au mtu wa shamba. Sijakosea hata mara moja."

Juwairiya alicheka hadi akashika mbavu. Faruk hakucheka. "Niulize nilikuwa wapi, bwana. Hilo tu."

Aminah alishindwa kuendelea. Bangili zile hakuzibuni. Zilipotea kweli, Jinja, yeye akiwa na miaka tisa, na baba yake akarudi siku isiyo yake, sanduku begani, kazi imekwisha. Alipokwenda kuoga, Aminah alilifungua sanduku akapekua nguo zake kunjo kwa kunjo, kama vitabu vilivyomfundisha. Alipoinua macho, Bruhan alikuwa mlangoni, maji yakimtiririka. Tangu hapo baina yao zilibaki salamu tupu. Matajiri walimfukuza bila kumhoji; na bintiye je?

"Mchezo umeishia hapa," alisema, akatoka kutafuta bodaboda ya kwenda Nakaloke, kwa baba yake.

Alimkuta mzee barazani, akimenya ndizi.

"Asalaam alaykum, Baba."

"Waalaykum salaam. Leo si Idi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa." Aminah alivua viatu. "Siku bangili za Mama Sushma zilipopotea, ulikuwa wapi?"

Kisu kilisimama. Bruhan alimtazama mpaka Aminah akatamani kuangalia pengine, lakini hakuangalia.

"Miaka thelathini na moja," mzee alisema. "Jibu lenyewe nimelipanga hadi limechakaa." Akasogea mkekani, akamwachia nafasi. "Keti. Linaanza alfajiri."

Nawe unaye wako, uliyemhukumu kimyakimya ukaendelea na maisha. Inuka. Si kesho, si sikukuu ijayo. Nenda ukamuulize, angali na pumzi ya kukujibu.